Usilie Kwenye Kilima cha Watu

Floribert alikata roho alfajiri, na ndani ya nyumba hakuna aliyelia.

Mama yake, Apolline, alikuwa amempakata kwenye mkeka. Alisikia pumzi moja ndefu, akangoja ya pili, ya pili haikuja. Akainua macho kumtazama mumewe. Télesphore alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuvaa shati la kitenge lenye alama ya chama, kwa sababu Jumamosi ile wafanyakazi wote wa serikali walitakiwa kwenda kucheza mbele ya mkubwa mmoja aliyekuwa anatoka Kinshasa.

"Usilie," alisema kwa sauti ya chini.

"Sijalia."

"Ukilia hapa, imekwisha. Batamuzika hapa."

Apolline alijua. Kwao, juu ya vilima vya Bushi, matanga hukaa pale kilio cha kwanza kilipotoka. Mama akishapiga ukelele kwenye ardhi ya mtu, maiti haivuki tena. Mwenye kilima atataka mbuzi na pombe ya ndizi ya kusafisha ardhi yake, na kaburi litachimbwa hapo hapo, upende usipende. Hata huku Kadutu, mjini Bukavu, ambako vilima vimefunikwa na mabati, watu walikuwa bado wanaishi kwa sheria hiyo. Ukuta wa mbao kati yao na jirani ulikuwa mwembamba hivi kwamba kikohozi cha nyumba hii kiliamsha nyumba ile. Ukelele mmoja tu, na mwenye kiwanja angefika, kofia kifuani. Kisha wangefika wenzake Télesphore wa ofisini na sanduku la mbao mbichi, na kabla ya jua kusimama mtoto angekuwa kwenye makaburi ya mji.

Apolline alikuwa na watoto wawili kwenye makaburi yale. Yako kwenye mteremko, na mvua za huku hazina adabu. Siku moja alikwenda kupalilia, akakuta watu asiowajua wamekaa chini wanalia pale alipowaweka wanawe, na msalaba mpya umesimama. "Ni wetu, tumemuweka leo," walimwambia. Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Akachukua jembe lake, akarudi nyumbani.

"Huyu hapana," alisema sasa. "Huyu namupeleka Bulumbwa, kwa mama yako. Atalala pale kitovu chako kililala."

"Utamupeleka na nini? Camion haiko. Tangu juma lililopita mazut ya kuitembeza haiko. Na hata ingekuwako, chauffeur akijua ni maiti atataka bei ya maiti. Na askari wa barrière batataka karatasi."

"Na miguu."

"Apolline! Unajua ni vilima ngapi?"

"Nilivivuka nikija kuolewa. Havikuongezeka."

Nchi ile ilikuwa inachimba shaba ya kuuza dunia nzima, ilikuwa inatoa dhahabu kwenye mito kama watu wengine wanavyotoa mchanga, na haikuwa na gari la kumbeba mtoto mmoja wa miaka mitatu kumpeleka kwa bibi yake. Hilo Télesphore hakulisema. Mtu mwenye kazi ya planton, kupeleka mafaili kutoka mlango hadi mlango, hujifunza kutosema.

"Basi niende miye," alisema.

"Weye? Mwanaume na mutoto mugongoni? Kila mutu njiani atauliza. Mwanamuke na mutoto mugongoni, nani atamuangalia mara mbili? Na weye usipocheza leo, lundi ofisi ikifunguka huna kazi."

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimuumiza kuliko tusi. Juzi alikuwa ameomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kwa daktari. Mkuu wa ofisi alimcheka: "Mutoto mugonjwa? Nani hapa hana mutoto mugonjwa? Uje ucheze, mutoto atapona kwa furaha ya baba yake."

Télesphore alimwinua mwanawe, ambaye bado alikuwa laini kama aliyelala, akamweka kwenye mgongo wa mama yake. Apolline aliinama, mikono nyuma. Wakaizungusha miguu midogo kiunoni mwake, wakaulaza uso begani, wakafunga kitenge cha kwanza, wakafunga na cha pili. Kofia ya sufu wakaishusha hadi kwenye nyusi. Kazi hiyo waliifanya bila neno, kama walivyoifanya asubuhi nyingi za kwenda kanisani.

Binti yao Eulalie aliamka. "Maman, Floribert amepona?"

"Amelala. Weye utabaki kwa Maman Clémence."

Uani, Maman Clémence jirani alikuwa anapepea makaa.

"Mama Floribert! Mapema hii?"

"Nampeleka mutoto kwa tate yake, mama ya baba yake, apate hewa ya kilima. Eulalie atabaki kwako."

"Njo vizuri hivyo. Hewa ya huku ni moshi tupu, hata kuku zinakohoa. Leta nimuone kidogo." Alikwisha kunyoosha mkono.

"Njo amelala sasa hivi. Usiku muzima hakulala."

Maman Clémence alirudisha mkono wake, akashusha na sauti. "Ah, basi. Akalale, mutoto wa watu."

Télesphore aliwasindikiza hadi penye bomba la maji, pale njia inapogawanyika. Alitaka kugusa kofia ya mtoto, lakini kulikuwa na watu. Akasema tu, "Nenda," kwa sauti ya mtu anayemtuma mkewe sokoni.

Kilima cha kwanza Apolline alikipanda na ukungu. Mji ulibaki chini yake: ziwa likiwa limelala kama bati jipya, rasi zake zimejinyoosha majini, nyumba za wakubwa zenye maua, na huku nyuma Kadutu, moshi juu ya moshi. Hakugeuka kutazama mara mbili.

Wanawake walikuwa wanateremka kwenda sokoni, mistari mirefu, sombe, majani ya muhogo, na makaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wanawake wa mizigo hucheka asubuhi, kwa sababu jioni hawana nguvu za kucheka.

"Asinge, maman!" mmoja alimsalimu. "Lakini huyo kijana uliyebeba, miguu yake mirefu hiyo! Mushushe atembee! Kesho ataoa, utambeba na bibi yake?"

Mstari mzima ukaangua kicheko.

Apolline alijua asipocheka watasimama. Akacheka. "Huyu ni muvivu," alisema. "Anapenda mugongo."

"Kama baba zao wote!" mwingine alijibu, na vicheko vikateremka mlima hadi ukungu ukavimeza.

Aliposhuka upande wa pili hapakuwa na mtu. Mdomo wake ulikuwa bado umekaa katika umbo la kicheko, akaupangusa kwa mkono kama unavyopangusa uchafu.

Barabara kubwa alikuwa ameiacha makusudi. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na vijana wa chama, na askari ambao mishahara yao ilikuwa mifukoni mwa wapita njia. Njia ya mabegani mwa vilima ilikuwa ya watu wadogo. Ilipanda moja kwa moja bila kona, kama vile walioikanyaga kwanza walikuwa na haraka, ikashuka hadi kwenye kijito, ikapanda tena. Ilikuwa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimechomwa, vumbi jeusi likapanda hadi magotini. Kila alipofika juu ya kilima na kufikiri amefika juu, kingine kilikuwa kimesimama mbele, kirefu zaidi, na nyuma ya hicho kingine, samawati, na nyuma yake kingine kama moshi.

Alianza kuongea naye. Si kwamba alikuwa amesahau. Alikuwa anajua kila hatua. Lakini mtoto yule alikuwa amezoea kuelezwa njia.

"Hapa njo kwa Nabishaka. Baba yako alinunua mbuzi hapa, ikamukimbia. Alikimbia nyuma yake mpaka pale chini, unaona? Watu walicheka mpaka leo."

Jua likapanda. Jasho likaanza kumtoka mgongoni, likalowesha blauzi, likalowesha kitenge, na joto la mwili wake likakaa pale kati yao wawili kama ndani ya chungu kilichofunikwa.

Kwenye kilima cha tatu mzee mmoja alikuwa anapalilia migomba yake karibu kabisa na njia. Kupita mtu mzee bila kusimama ni tusi, na tusi hufuatwa kwa macho. Apolline alisimama. Salamu za vilimani ni ndefu: ng'ombe, mvua, mji, mume, mume wa dada. Alijibu zote.

"Kaa upumzike, binti yangu. Mushushe mutoto, nyasi hii iko safi."

"Koko, asante, papa. Nikikaa sitasimama tena. Bulumbwa bado mbali."

"Bulumbwa! Na jua hii!" Mzee aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji. Apolline alipiga goti, akanywa. Alipokirudisha, mzee hakukipokea. "Na yeye. Usinywe peke yako. Mutoto akilala na kiu anaota mubaya."

Alikuwa anatazama, kwa wema mtupu.

Apolline alichovya kidole kwenye kibuyu. Akakipeleka nyuma, juu ya bega, akatafuta mdomo wa mwanawe, akaulowesha. Midomo ilikuwa migumu sasa. Maji yakateremka shingoni mwake mwenyewe, baridi.

"Amekunywa?" mzee aliuliza.

"Amekunywa, papa."

"Nyamuzinda wa mbinguni amulinde."

"Amina."

Alipanda kilima kilichofuata karibu anakimbia. Kilio kilikuwa kimefika kooni, kinagonga kama mtu aliyefungiwa. Pande zote mbili za njia kulikuwa na mashamba, na kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na mahali hata pa upana wa mkeka ambapo mama angeweza kulia bila kuvunja sheria ya mtu. Akauma ncha ya kitenge. Akaiuma hadi alipoona chini ya kilima, akaendelea kuiuma.

Saa hiyo, Bukavu, Télesphore alikuwa anacheza.

Walipangwa kando ya barabara tangu asubuhi: walimu, matabibu, makarani, wafagiaji, wote katika kitenge kimoja. Mkubwa alikuwa bado hajafika, lakini ilibidi wacheze wakimngoja, wasije wakawa wamepoa. Kijana mwenye filimbi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchezesha watu wenye umri wa baba yake, alikuwa anapita mstari kwa mstari.

"Citoyen Cirimwami!" aliita. Ndilo jina la Télesphore la ofisini, tangu serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kumwita kila mtu citoyen, mwananchi. "Hiyo kiuno ni ya mbao? Cheka! Ama furaha hauna?"

"Niko nayo, citoyen."

"Sasa iko wapi? Tuione!"

Télesphore akacheka. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mikono juu, sifa za chama. Kutoka pale aliweza kuviona vilima vya kusini, kimoja nyuma ya kingine. Alipokuwa anainua mguu alifikiri: sasa yuko kile. Aliuweka chini, akauinua: sasa anateremka. Mkewe alikuwa anatembea na yeye alikuwa anacheza, miguu minne ya nyumba moja, na hakuna uliokuwa na haki ya kusimama.

Machozi yalimtoka bila yeye kuyaita. Hakuweza kuyapangusa, mikono ilitakiwa kuwa juu.

Kijana wa filimbi alirudi, akasimama mbele yake, akamtazama. Kisha akamshika mkono akamvuta hadi mstari wa mbele kabisa.

"Mumuone huyu!" alipiga kelele. "Mukubwa hajafika bado, yeye tayari analia na furaha! Huyu njo mwana-chama! Munapaswa kulia kama huyu!"

Watu wakapiga makofi. Mkuu wa ofisi, kwenye kivuli, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na Télesphore akacheza mstari wa mbele hadi alasiri, akilia kwa amri.

Mto mmoja tu hauvukiki kwa mawe kwenye njia ile. Una daraja la magogo, na daraja lina watu. Apolline alikuwa amesahau kwamba Jumamosi ni Salongo, kazi ya bure ambayo serikali humlazimisha kila mtu. Askari mmoja, gendarme, alikuwa amekaa juu ya pipa, na kijana wa chama mwenye fimbo alikuwa anasimamisha kila anayepita. Wanawake kumi na kitu walikuwa wanatoa mawe mtoni wakiyapeleka juu, kuziba shimo lililokula nusu ya njia.

"Mama, okei wapi?" gendarme aliuliza kwa Kilingala, bila kusimama.

"Bulumbwa, chef."

"Bulumbwa haikimbii. Kazi kwanza. Vilima vitakungojea."

"Chef, mutoto ako mugonjwa."

"Mugonjwa alale pale." Alielekeza kwa kidevu chini ya mkaratusi, ambako watoto wengine watatu walikuwa wamelazwa juu ya vitenge, wakilindwa na msichana mmoja. "Kivuli iko bure. Serikali haikulipishi kivuli." Akacheka mwenyewe.

"Atalia nikimushusha. Nitabeba naye."

"Beba! Kama uko na nguvu ya kubeba mbili, tutakupa mawe makubwa."

Akabeba. Akateremka hadi majini na kikapu, akakijaza, akakipandisha kichwani, mtoto mgongoni, mawe kichwani. Akamwaga, akateremka tena. Hakuna aliyemhurumia, kwa kuwa kila mmoja pale alikuwa na mzigo wake na alikuwa na haraka ya kwake. Jua lilikuwa limeanza kulala upande mmoja. Alilitazama zaidi kuliko alivyomtazama gendarme. Vilima vilivyobaki vilikuwa vikubwa, na giza likimkuta njiani, atalala kwa nani na mzigo huu?

Alipoinama kwa mara nyingine majini, kitenge kilisogea. Mguu mmoja wa Floribert ukatoka nje, ukabaki umesimama hewani kama tawi.

Mwanamke aliyekuwa kando yake, mnene, mwenye skafu nyekundu, anayeitwa Godelive, alinyoosha mkono ili aurudishe mguu ndani, kama mwanamke yeyote anavyofanya kwa mtoto wa mwenzake. Aliushika. Mkono wake ukasimama.

Wakatazamana. Maji yalipita kati ya miguu yao.

"Nyumbani ni wapi?" Godelive aliuliza polepole.

"Bulumbwa."

"Umetoka?"

"Bukavu."

Godelive aliufunika mguu, akavuta kitenge, akakifunga upya kwa nguvu, kidevu chake karibu na sikio la Apolline. "Usilie hapa, dada. Mwenye kilima hiki anakula mbuzi za matanga kama njo mushahara. Nyamaza. Nisikie tu." Kisha akageuka akapiga kelele ambayo hata mto ulisikia:

"Mama eh! Surua! Mutoto ako na surua! Mukataka alale na batoto yetu? Chef, unataka kutuuwa?"

Wanawake wakaacha mawe. Waliokuwa na watoto chini ya mkaratusi wakakimbia kuwachukua. Gendarme akashuka kwenye pipa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Surua? Kwa nini hukusema, weye mama? Toka! Toka na maradhi yako! Vuka mbio!"

"Aende!" Godelive alikuwa anamsukuma Apolline darajani, anamtukana kwa sauti, machozi yakimteremka. "Wanawake wa mujini, hamuna haya! Munatembeza maradhi! Aende!"

Apolline akavuka chini ya matusi. Kijana wa fimbo akamtupia jiwe dogo, halikumfikia.

Kuanzia hapo hakuongea tena na mtoto. Hakuwa na pumzi. Mwili mdogo uliokuwa laini asubuhi ulikuwa umekuwa kama ubao, na bado ulikuwa na joto. Jambo hilo alilijua bila kulifikiri: baridi ilikuwa mikononi mwake, ilikuwa miguuni, upepo wa juu ulikuwa unakata masikio, lakini pale mgongoni palikuwa na moto. Alipanda. Alianguka mara moja kwenye changarawe, kwa magoti na viganja, ili asianguke chali. Akakaa hivyo kwa miguu minne kama mnyama, akingoja kama mgongoni kutatoka sauti ya kulalamika. Akasimama. Kilima kile nacho kikabaki nyuma.

Alipofika ukingo wa mwisho, aliiona Bulumbwa ng'ambo ya kijito: migomba, nyumba tatu za nyasi, moshi, na mwanamke mmoja anapura maharage uani. Jua lilikuwa limegusa vilima vya magharibi. Alishuka. Akaingia katika kijito, akatoka upande wa pili. Alikuwa amefika. Ardhi hii ilikuwa ya baba yake Floribert, na ya baba wa baba yake. Hapa angeweza kulia hadi asikike mbinguni, na hakuna ambaye angemdai hata kuku.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Muke wa mwanangu!" Bibiane, mama mkwe, aliitupa fimbo ya kupuria, akaja mbio, mikono wazi, makapi ya maharage nywelini. "Jamani! Na mugongoni ni nani? Ni yeye? Ni bwana wangu?" Ndivyo bibi za huko wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

Siku nzima Apolline alikuwa amesema neno moja, hadi ulimi wake haukujua jingine.

"Mama," alisema, "amelala."

"Amelala! Na mimi nitamuamsha!" Bibiane alikwisha kuzunguka nyuma, anafungua mafundo, anacheka, anaimba jina la mtoto. Kitenge cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikafunguka. Akampokea mikononi. Miguu ya mtoto ilibaki imekunjwa, imepanuka, inakumbatia kiuno ambacho hakikuwapo tena.

Wimbo ukakatika.

Bibiane aliitazama kofia, akaivuta, akautazama uso. Akapeleka kiganja chini ya shati, kwenye tumbo. Akatoa sauti, lakini haikuwa kilio.

"Iko moto! Tumbo iko moto! Polycarpe! Polycarpe, njoo na maji!"

Polycarpe, shemeji wa Bibiane, mzee mrefu aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe, akaja anakimbia. Wakamlaza Floribert kwenye mkeka wa maharage. Wakamsugua kifua, wakampulizia puani, wakamwagia maji usoni.

"Miguu imekaza kwa kufungwa siku nzima," Bibiane alisema haraka haraka. "Ni ganzi. Amechoka tu. Mutoto hakufi na tumbo ya moto. Sugua, Polycarpe! Floribert! Bwana wangu!"

Na Apolline, aliyeisikia pumzi ile ya mwisho alfajiri, aliyemnywesha maji kwa kidole, aliyeuona ule mguu mtoni, akaamini. Alipiga magoti, akasogeza uso wake karibu na mdomo ule, akangoja. Alingoja kama alivyongoja alfajiri. Labda alikuwa amekosea. Mtu aliyechoka hukosea. Labda vilima vyote vile alikuwa amemfunga mtoto aliye hai, na sasa angefumbua macho amuulize kwa nini.

Polycarpe aliacha kusugua. Aliweka sikio kifuani kwa mtoto muda mrefu. Kisha akamtazama Apolline: blauzi yake imelowa, mvuke unapanda mabegani mwake katika baridi ya jioni. Akaweka mkono wake mkubwa kwenye mgongo wa mama, akautoa, akauweka kwenye tumbo la mtoto.

"Ni moto moja," alisema. "Si yake. Ni ya mama yake."

"Hapana," alisema Bibiane.

"Shemeji."

"Hapana! Hatuziki mutu mwenye moto. Nani amewahi kuzika mutu mwenye moto? Tutangoja."

Polycarpe hakubisha. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya vilima: mwenye joto hazikwi. Alikwenda kuchukua jembe, akasimama nalo kando ya migomba, bila kuanza.

Wakangoja. Majirani waliosikia makelele walikuja mmoja mmoja, wakakaa chini bila kusalimiana. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mama mwenyewe hana hata chozi, kwamba mji umewafanya hivyo. Apolline alisikia. Bibiane alikuwa amekaa na kiganja chake juu ya tumbo la mjukuu wake, macho amefumba, kama anayesikiliza nyumba ya mbali. Upepo ulikuwa unateremka kutoka ukingoni. Ulianza na vidole vya mtoto, ukapanda kwenye magoti yale yaliyokunjwa, ukafika kifuani. Jua likazama. Bibiane alisogeza kiganja kidogo kulia, kidogo kushoto, anatafuta. Akakisogeza tena.

Kisha akakitoa, akakiweka mapajani mwake, akakitazama.

Alijaza pumzi apige kilio. Apolline akamshika mkono.

"Mama, usilie kwanza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mwanamke anayeomba asaidiwe ndoo. "Munirudishie mugongoni. Kwa mugongo hakupoa. Siku muzima hakupoa."

Na alikwisha kugeuka. Aliwapa mgongo wote, akainama, akapeleka mikono nyuma, viganja wazi, akingoja apewe.

Hakuna aliyemrudishia mtoto. Polycarpe aliinua jembe. Na kilio, ambacho sasa kilikuwa na ruhusa, kikatoka kwa Bibiane, kikapokewa na wanawake uani, na wanaume, na nyumba zote tatu, kikatoka kwa kila mtu isipokuwa yeye aliyekileta, ambaye alikuwa bado ameinama, anangoja.